Kelele Zangu Juu ya Ubeti wa Tatu

Kazi yangu siku hizi ni kushika watu wanaotia maji kwenye maziwa. Nasimama pale kwenye kituo cha kukusanyia maziwa nikiwa na kipimo changu cha kioo, koti jeupe na uso wa hakimu, na mkulima akishusha mtungi wake ananitazama kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Nikisema maziwa yamechanganywa, basi yamechanganywa. Wakulima wanaotoka Ainabkoi huniita Daktari, na sijawahi kuwasahihisha.

Nayasema haya mapema ili uelewe nilivyojisikia siku ile simu ilipolia nikiwa katikati ya kumkaripia mzee mmoja kwa sababu ya maji, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniuliza, "Ni wewe yule wa kelele?"

Nikamwambia amekosea namba.

"Sijakosea. Nimepewa namba na yule Msomali wa duka la simu. Amesema ni wewe ulikuwa na kibanda ya kijani nyuma ya stage ya matatu. Ni wewe ulikuwa unapiga kelele kwa nyimbo za watu."

Mzee wa maziwa alikuwa ametulia tuli, anasikiliza kwa makini kuliko alivyonisikiliza mimi. Nikafunika simu kwa kiganja, nikamwambia maziwa yake ni sawa, aende zake. Hayakuwa sawa. Lakini kuna mambo ambayo mtu mwenye koti jeupe hapendi yasikike mbele ya watu, na hilo la kelele ndilo la kwanza kwenye orodha yangu.

Enzi za kaseti nilikuwa dijei. Usinifikirie kwenye ukumbi wenye taa za rangi. Kibanda changu kilikuwa cha mabati, kikubwa kidogo kuliko choo, nami niliketi humo na deki mbili za kaseti, maikrofoni moja iliyofungwa kwa uzi ili isianguke vipande, na kimashine cha kutoa mwangwi ambacho nilikipenda kuliko ndugu zangu. Mteja alikuja na kaseti tupu na orodha ya nyimbo, nikamrekodia. Asiyekuwa na orodha nilimuuzia mchanganyiko niliouandaa mwenyewe, nyimbo zimeungana bila kupumua, kutoka mwanzo wa upande wa kwanza hadi mwisho wa upande wa pili.

Sasa, vibanda vilikuwa vingi. Jirani angeweza kununua kaseti yangu moja asubuhi, na kufikia saa nane awe ametoa nakala kumi na anaziuza kama zake. Jambo hilo liliniuma sana. Niliona ni wizi wa mchana. Kwamba nyimbo zenyewe hazikuwa zangu, na kwamba waimbaji wake hawakujua hata kama nimezaliwa, halikunijia akilini. Basi nikabuni dawa: ningeweka sauti yangu juu ya kila wimbo, ili atakayeiba ajulikane. Nilikuwa mwizi wa kuku anayeandika jina lake kwenye mabawa ya kuku wa jirani.

Maneno yenyewe nayakumbuka vizuri mno. "Usiguse redio! Uko na mfalme wa nyanda za juu, moja kwa moja kutoka Eldoret, kibanda cha kijani nyuma ya stage! Wengine wote ni wanafunzi!" Mbele yake lilitangulia jina langu la mtaani, ambalo sitaliandika hapa maana wafanyakazi wenzangu wanajua kusoma. Baada yake kilifuata kicheko. Kicheko kile nilikifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, kikawa kirefu na kizito, na mwangwi ukikichukua kilikuwa kama mtu anacheka ndani ya tangi la maji. Nikianza kusema nilikuwa nashusha muziki karibu uzimike, nisikike mimi, halafu naupandisha tena.

Nilikuwa na kanuni ya mahali pa kuweka kelele. Kwenye kiitikio haifai, watu wanacheza. Kwenye gitaa kali haifai. Inafaa pale mwimbaji anapopunguza mwendo na kuimba polepole, kwa sababu niliamini kwamba hapo amechoka na anahitaji msaada.

Siku moja akaja mtu mzima, fundi wa makochi kutoka Burnt Forest, koti lake limejaa nyuzi za vitambaa. Alivua kofia mlangoni mwa kibanda kana kwamba ni ofisi. Akatoa kaseti iliyofungwa kwenye gazeti. Alikuwa amerekodi nyimbo sita, yeye na marafiki zake wawili, na zilipotoka hazikwenda popote.

"Kijana, sikia tu," akaniambia. "Ukipenda, chezea watu. Naomba tu wasikie."

Nilisikiliza wimbo wa kwanza. Gitaa lake lilikuwa zuri, nakiri mbele ya Mungu, lilitembea kwa madaha kama mtu aliyevaa viatu vipya. Beti mbili za kwanza aliimba juu ya baridi na kazi na majirani wasiorudisha vyombo. Kwenye ubeti wa tatu akapunguza mwendo, akaanza kumwambia mtu fulani jambo fulani. Sikungoja nisikie ni nani wala ni jambo gani. Nilipoutia wimbo kwenye mchanganyiko wangu nilimwona amechoka, nikamsaidia. Kelele zangu, pamoja na kicheko, zilienea juu ya ubeti ule kama kifuniko juu ya sufuria.

Halafu nikafanya jingine. Kaseti za dukani zilikuwa na vishimo viwili kwenye ukingo, alama ya kwamba usirekodi juu yake. Sisi wa vibandani tulijua kuviziba: unakunja kipande cha karatasi, unakisukuma ndani, na deki inakubali. Wiki ile niliishiwa na kaseti tupu. Nikaviziba vishimo vya kaseti ya fundi, na juu ya nyimbo zake sita nikarekodi mchanganyiko wangu, pande zote mbili. Iliuzwa siku hiyo hiyo.

Hakurudi kuiulizia, nami nikamsahau kabisa. Nilikuwa na mambo makubwa zaidi ya kushughulikia, maana dunia ilikuwa inageuka. Zilipokuja sidii nilinunua kompyuta ya mtumba, nikahamishia humo michanganyiko yangu yote, kelele na vicheko kamili, nikaanza kuichoma kwenye sidii zenye nyimbo zaidi ya mia. Nilijiona nimefika. Kisha watu wakaanza kuja na flashi. Kisha wakaja na kadi ya simu ndogo kama ukucha, wanasema "nijazie", na nilijaza, nikijisifu kwamba ufalme wangu sasa unaenea kwenye mifuko ya watu. Kisha hawakuja. Nilidhani ni mwezi mbaya, nikapaka kibanda rangi upya. Miezi mitatu nilikaa ndani ya harufu ya rangi nikingoja wateja ambao nyimbo zote walikuwa nazo kwenye simu, walizozipakua wakiwa wamelala kitandani.

Baadaye nikagundua kuwa mtu fulani ameweka michanganyiko yangu mtandaoni bila kuniuliza. Nilikasirika siku mbili nzima. Mke wangu alinisikiliza nikilalamika juu ya watu wanaochukua jasho la wenzao bila ruhusa, akanipa chai, akatoka nje akacheke huko.

Basi mwanamke wa kwenye simu alikuwa mjane wa yule fundi. Alikuwa kwenye saluni mtaani Kimumu, anasukwa, na msusi alikuwa ameacha simu yake iimbe juu ya kabati. Alilijua gitaa kabla ya sauti. Alisimama kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, akaomba wote wanyamaze. Akasikia ubeti wa kwanza, akasikia wa pili. Alipoufikia wa tatu, aliokuwa anaungoja, nikaingia mimi, mfalme wa nyanda za juu. Na kwa kuwa nilikuwa nimetaja mahali nilipo kwa sauti kubwa namna ile, hakupata shida kunitafuta. Alikwenda hadi nyuma ya stage, akaulizia kibanda cha kijani, akaelekezwa kwa Msomali aliyekuwa akiniuzia kaseti tupu zamani na ambaye sasa anauza simu. Tangazo langu lilifanya kazi. Lilichelewa tu miaka zaidi ya ishirini.

Nilimweleza mke wangu jioni ile. "Nilikuambia hizo kelele zitakuletea kesi," akasema. "Mimi niliolewa na wewe licha ya hizo kelele. Usije ukadhani zilikusaidia."

Jumamosi nikaenda kwa huyo mama. Nilibeba maziwa lita mbili, ambayo nilikuwa nimeyapima mwenyewe. Nyumba yake ni vyumba viwili, safi, na makochi yake ni ya dukani. Aliniona nikiyatazama.

"Yale alitengeneza yeye yalichomeka," akasema. "Ule mwaka wa vurugu za uchaguzi. Tulitoka Burnt Forest na watoto na blanketi. Kaseti zake zilikuwa kwa boksi juu ya kabati, zote." Alilisema hilo kama mtu anayeeleza mvua ilivyonyesha. Mumewe alihamia naye Kimumu, akaishi miaka miwili, kifua kikamchukua.

Akanimiminia chai, akangoja ninywe kwanza. Kisha akaniambia alichokuwa anataka.

"Kwa hiyo wimbo, ile sehemu ya tatu, alikuwa ananisalimia. Aliniita jina. Si hili wananiita kanisani. Ni jina yeye alinipa tukiwa bado vijana, na hakuna mtu mwingine amewahi kuniita hivyo. Hata watoto hawajui." Akaniongezea chai. "Jina nakumbuka. Ni vile alikuwa anasema, hiyo ndiyo imeanza kupotea. Nikijaribu kusikia, nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema. Sasa wewe lazima uko na ile safi. Yeye alikuletea. Si uniwekee tu kwa simu?"

Mtu mwenye adabu angesema ukweli hapo hapo. Mimi nilisema, "Nitaitafuta, Mama." Nilisema hivyo nikijua kabisa iko wapi: iko chini ya mchanganyiko wangu, kwenye kaseti niliyoiuza, imefutwa. Sikuweza kutamka neno vishimo mbele ya chai yake.

Basi nikatafuta, kwa bidii ya mtu anayejua hatapata. Nilianzia kwa Msomali. Alinipeleka stoo, akafungua katoni tatu za kaseti zilizobaki tangu zile siku, tukazipekua moja moja hadi vidole vikawa vyeusi kwa vumbi. Nilikutana na kaseti zangu mwenyewe kumi na mbili.

"Hizi wateja wako walikuwa wakirudisha kwangu wabadilishiwe tupu," Msomali akasema. "Walisema iko mtu anaongea sana ndani."

"Hukuwahi kuniambia."

"Wewe ulikuwa unanunua kaseti mingi, Daktari. Mimi nitakuambia nini?"

Nikaenda mtandaoni. Wimbo ulikuwepo mahali panne tofauti. Niliupakua wa kwanza nikiomba dua, nikausikiliza hadi ubeti wa tatu: mimi. Wa pili: mimi. Wa tatu uliandikwa kuwa ni safi kabisa, umeboreshwa, na ni kweli ulikuwa umeboreshwa, kicheko changu hakijawahi kusikika vizuri namna ile. Wa nne mtu alikuwa ameuongeza mwendo, nikawa naongea kama bata aliyefukuzwa. Wote wanne walikuwa wameutoa kwenye sidii yangu. Hakukuwa na nakala nyingine duniani. Chini ya mmoja wasikilizaji walikuwa wameandika maoni. Wa kwanza aliandika, "Wimbo mtamu sana, lakini huyu mjinga ni nani?" na wengi walikuwa wamekubaliana naye. Nilianza kuandika jibu la kumtetea, nikalifuta.

Mwishowe nikasikia habari za dada mmoja hapa mjini anayerekodi kwaya. Studio yake ni chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Nilimpa wimbo, akauweka kwenye kompyuta, akasikiliza mpaka ubeti wa tatu. Akanigeukia polepole.

"Ni wewe huyu?"

"Nilikuwa kijana."

"Kwa hivyo unataka nikutoe."

"Nitoe kabisa."

Kumbe siku hizi kuna programu ya kutenganisha sauti na ala, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Alibonyeza hapa na pale, tukangoja, akacheza. Kelele hazipo! Mfalme hayupo, kicheko hakipo, kibanda cha kijani hakipo. Gitaa linatembea peke yake na viatu vyake vipya. Nilisimama nikapiga makofi. Dada hakupiga.

"Mzee pia ametoka," akasema. "Hii programu inajua tu sauti ni sauti. Haijui ni nani mwenye wimbo. Na wewe ulikuwa umemshusha sana, ako chini kabisa. Siwezi kukutoa nikamwacha."

Nilimwomba ajaribu tena. Alijaribu mara tatu, kwa subira ambayo sijawahi kumwonyesha mkulima yeyote. Mwisho akaniunganishia hivi: ubeti wa kwanza na wa pili vilevile na sauti ya fundi, wa tatu gitaa tupu, kisha kiitikio. Nikiwa njiani kwenda kwa mama nilianza kujishawishi kwamba hii ni bora. Nilijiambia ni kimya cha heshima. Nilijiambia atakumbuka jina mwenyewe, na gitaa litamsindikiza. Kufikia mlangoni kwake nilikuwa karibu kujipongeza.

Nilimwekea kwenye simu yake, akaisogeza sikioni. Beti mbili za kwanza alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa kidogo. Ubeti wa tatu ukaanza. Tabasamu likabaki usoni kidogo kama mtu aliyesahau kulitoa, kisha likaondoka. Akaishusha simu akaitazama, kana kwamba imezimika.

"Yuko wapi?"

Nikamweleza habari za programu, sauti na ala, mchele na mawe. Nilieleza vizuri sana. Nilipomaliza alikuwa bado ananitazama.

"Sasa umemtoa hata yeye," akasema.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia juu ya kaseti iliyofungwa kwenye gazeti, vishimo viwili, kipande cha karatasi, na kwamba niliiuza siku hiyo hiyo bila kumsikiliza mumewe hadi mwisho. Nilimwambia kwamba hata kama nyumba yao isingeungua, bado kaseti niliyopewa mimi ingekuwa imefutwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuionea kitu chochote, na nimekwisha kufanya mengi ya kuaibisha. Nilingoja anifukuze. Nadhani nilitaka anifukuze, ingekuwa nafuu.

Aliilaza mikono yake juu ya simu.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sikumsahihisha, ila safari hii sikufurahia.

"Niwekee ile yako," akasema. "Ile ya kelele."

"Mama, ile haisikiki kitu. Ni mimi tu naongea."

"Inasikika. Wewe husikii kwa sababu unajisikiliza. Hii ingine nikisikiliza, hayuko. Ile yako, hata ukipiga kelele, najua ako hapo chini."

Nikamrudishia. Nilibonyeza mahali pasipofaa mara mbili. Alivuta kiti karibu na dirisha, akaegemeza simu kwenye sikio lake la kulia, akafumba macho. Nilimsikia fundi kwa mbali akiimba juu ya baridi, kisha juu ya majirani. Kisha gitaa likapunguza mwendo, na ndani ya chumba kile kidogo cha Kimumu nikaanza kujitaja jina, na kuwaambia watu wasiguse redio.

Mama aliinamisha kichwa, akaibana simu zaidi, uso wote umekunjamana kwa kutega. Akainua kidole kimoja juu.

"Nyamaza," akasema.

Sikuwa nimesema kitu. Nilikaa pale, nimeziba mdomo kwa mkono wangu, nikijisikia nikicheka ndani ya simu.